Msiba wa Kampuni ya Reli

Kampuni mbili za reli zilipoungana, meneja mpya, Bwana Shekuwe, aliwaambia wafanyakazi wa karakana ya Mwashuma, "Kampuni iliyowaajiri imekufa. Mikataba ya kuwalinda kazini imezikwa nayo."

Wakamshtaki kwa afisa wa kazi. Asubuhi ya shauri, lililopangwa kusikilizwa papo hapo kazini, Mghoi, mlinzi wa geti la reli, alitandika mikeka mbele ya karakana, akachemsha kahawa, akawaketisha wenzake kama watu wa matanga.

Meneja alipofika akauliza, "Mama, kuna nini hapa?"

"Msiba, baba. Si ulitutangazia mwenyewe?"

"Na yule anayegongagonga injini?"

"Mnunuzi wa chuma chakavu. Marehemu hakuacha mrithi, nasi tuliomuuguza tumeona tuuze vitu vyake, tupate cha kulisha wageni."

Meneja akacheka. Kisha akamwona yule mtu akiandika bei kwa chaki ubavuni mwa injini, na kicheko kikamkauka.

"Hizo injini ni zetu."

"Pole sana. Kwani marehemu alikuwa nani wenu?"

"Kampuni ni ileile, mama. Jina tu limebadilika. Sisi ndio warithi."

"Wa injini tu? Maana madeni na ahadi za marehemu nazo zinatafuta mwenyewe."

"Wa vyote! Mali, madeni, ahadi, mpaka misumari ya reli. Mwondoe mtu wako."

Mghoi akamgeukia mzee wa kofia aliyekuwa akinywa kahawa mwisho wa mkeka.

"Bwana afisa wa kazi, umesikia, au arudie?"

"Nimesikia," akasema mzee. "Niongeze kahawa, mama. Nilidhani shauri hili litatuchukua siku nzima."