Mabinti Wawili wa Machibya

Mtu mmoja alikuwa na mabinti wawili, na mama yao alifariki wakiwa bado wadogo. Mtu huyo aliitwa Machibya. Aliona hawezi kulea peke yake, akawagawa. Minza, aliye mkubwa, alimpeleka kwa dada yake. Mbuke alimpeleka kwa dada wa marehemu mkewe.

Shangazi yake Minza alikuwa amezika watoto watatu, akampenda Minza kwa hofu. Mtoto akipata homa kidogo, alianza kulia kilio cha msiba. Wingu likitanda, alisema ni mafuriko. Lisipotanda, alisema ni njaa. Kwa mama mkubwa, alikolelewa Mbuke, nako maisha hayakuwa laini. Mwaka mmoja ndege walimaliza mtama wote shambani. Mama mkubwa aliketi chini akalia, kisha akajifuta macho, akasema, "Inuka mwanangu, twende tukapande viazi." Mbuke alikuwa na miaka saba.

Walipokuwa watu wazima walirudi kwa baba yao. Kiangazi kimoja Machibya akawa anachimba kisima nyuma ya nyumba. Alipofika kimo cha watu watatu, Minza alichungulia, akasema udongo ule ni mlegevu, utamfukia. Baba alicheka. Minza alikwisha kutabiri maafa mengi mno, na hakuna aliyemsikiliza tena. Siku hiyo hiyo, kabla ya adhuhuri, kuta za kisima ziliporomoka.

Majirani walikuja mbio na majembe. Minza alikuwa amejitupa chini. "Baba amekufa," alilia. "Nilijua. Siku zote nilijua." Waliposikia binti mwenyewe akisema hivyo, waliweka majembe chini, wakavua kofia.

Mbuke aliinama, akamwita baba yake mara tatu. Hakusikia kitu. Akachukua jembe, akaanza kufukua. Jirani mmoja alimshika mkono, akamsihi asijitese.

"Mzee wangu," akasema Mbuke, "sijui kama yu hai. Lakini tukikaa, atakufa."

Akaendelea. Mmoja akamfuata, kisha wote. Alasiri walimkuta Machibya chini ya magogo aliyokuwa ameyaweka kuzuia udongo, mguu umevunjika, akipumua kwa shida.

Tangu siku hiyo watu walimsifu Mbuke na kumcheka Minza. Minza aliacha kwenda sokoni, kisha akaacha kutoka nje. Machibya alipopata habari, alijikongoja kwa magongo mpaka walipokaa majirani, akawaambia, "Kule chini niliwasikia wote wawili, ila sikuwa na pumzi ya kujibu. Mmoja alinililia kama alivyoliliwa. Mwingine alifanya alivyoona ikifanywa. Wote wananipenda. Wa kuchekwa ni mimi, niliyewagawa, nisiende hata siku moja kutazama wanalelewaje."

Kisha akarudi nyumbani, akaketi karibu na Minza, akamwomba amsimulie aliishi vipi utotoni. Zilipita siku nyingi kabla Minza hajafungua kinywa.

Basi ninyi mnaomlaumu mtu aliyekata tamaa, mmewahi kumwuliza ni nani aliyemfundisha?