Ngamia Aliyenyimwa Ijumaa

Paukwa!

Mbona mnaitika kama mnaona baridi? Paukwa, nasema!

Eeh, sasa mmepakawa vizuri. Kaeni chini, na mwenye kusinzia asinzie, leo simkatazi.

Zamani, zamani sana, alikuwako mtu akiitwa Mbaruku, mkamuaji wa mafuta ya ufuta. Alikuwa na mke, Mwanakheri. Alikuwa na kinu kikubwa cha mti. Na alikuwa na ngamia jike, Tamasha, wa kukizungusha kinu.

Tamasha akizunguka, mchi unasaga, mafuta yanachuruzika. Macho yake yamefungwa kitambaa, maana kuzunguka kutwa macho wazi kunatia kizunguzungu. Azunguke, azunguke, azunguke. Lakini Ijumaa ikifika, kitambaa kinavuliwa. Tamasha anakwenda zake malishoni, anasimama tu, anatazama mbali. Hiyo ndiyo desturi waliyoachiwa na wazee.

Sasa Jumbe wa mji akawa anamwoza binti yake. Akataka mafuta, mitungi kwa mitungi. Mbaruku akasema, "Nitayatoa yote mimi peke yangu."

Mwanakheri akamwuliza, "Na Ijumaa je?"

Mbaruku akacheka. "Mke wangu, yule kafungwa macho. Ijumaa ataijulia wapi?"

Ijumaa ya kwanza ikafika. Tamasha akasikia viatu vingi vya waendao msikitini vinapita njiani, kwata kwata kwata.

"Bwana, Ijumaa bado?"

"Bado. Leo Jumatatu."

"Na viatu hivi?"

"Watu wanakwenda mazikoni. Zunguka!"

Tamasha akazunguka, azunguke, azunguke.

Ijumaa ya pili. Kwata kwata kwata.

"Bwana, miguu inawaka moto. Ijumaa bado?"

"Bado."

"Na viatu?"

"Maziko. Zunguka!"

Mwanakheri akamshika mumewe mkono. "Mfungue, Mbaruku. Huoni anavyotetemeka?"

"Nikimfungua leo, Jumbe nitamjibu nini? Wewe kapepete ufuta wako."

Ijumaa ya tatu. Kwata kwata kwata. Tamasha akasimama.

"Bwana, mwaka huu watu wanakufa sana."

"Wanakufa, ndiyo."

Kunguru, aliyekuwa akidonoa mashudu pale chini, akacheka hadi akapaliwa. "Kwaa! Mji wote utakwisha, abaki Mbaruku na mitungi yake!"

Mbaruku akamrushia kopo. Tamasha hakucheka. Alisema, "Basi na mimi niwafuate." Akapiga magoti, akalaza shingo mchangani. Mbaruku akamvuta kamba, akamvuta mkia, akamtukania mama yake. Alipokivua kile kitambaa, macho yalikuwa wazi, lakini hayaoni kitu.

Haya. Ngamia hayupo, na Jumbe anataka mafuta. Mbaruku akajifunga kifuani boriti ya kukizungushia kinu, akaisukuma mwenyewe. Mara moja, mara mbili, kichwa kikamzunguka, akatapika. Akakiokota kitambaa cha Tamasha, bado kina jasho lake, akajifunga machoni.

Azunguke, azunguke, azunguke. Akichoka analala palepale kwenye kamba. Mchana hauoni, usiku hauoni, hesabu ya siku ikampotea.

Mwanakheri akaja na uji. "Mume wangu, leo Ijumaa. Vua kitambaa, ukaoge, upumzike."

"Unanidanganya. Leo Jumatatu."

"Husikii viatu vya watu?"

"Wanakwenda mazikoni."

Uji ukapoa, ukaganda.

Ijumaa nyingine akaja tena, analia. "Wallahi leo Ijumaa! Nikudanganye nipate nini?"

Mbaruku akasema, na sauti imekwisha, "Mimi nilipata mafuta. Wewe utakosa cha kupata?"

Mwanakheri akataka kumvua kitambaa kwa nguvu, mume akamsukuma, mke akaanguka na kata yake ya uji. Mbaruku hakuweza kuamini tena, wajukuu zangu. Ijumaa ileile aliyoificha yeye kwa uongo, sasa kila mtu akimwambia imefika, anasikia ni uongo.

Ijumaa ya tatu, kinu kilinyamaza. Viatu vikapita njiani, kwata kwata kwata, vikageuka, vikaingia uani kwa Mbaruku.

Siku hiyo vilikuwa vinakwenda mazikoni kweli.

Mitungi ilijaa yote isipokuwa mmoja, ikabaki palepale uani. Jumbe alimwoza binti yake kwa mafuta ya nazi, na wala hakuna mgeni aliyeuliza.

Basi sikieni. Siku ya kupumzika si siku iliyopotea. Ndiyo siku ya kufunguliwa macho, ukajua uko wapi na leo ni lini. Usimnyime mtu, usimnyime mnyama, na nafsi yako usiinyime. Ukizoea kuinyima, siku utakayoletewa hutaijua.

Kinu kimesimama hapo, na ulimi wangu umesimama. Mazuri yachukueni mkalale nayo, mabaya niachieni mimi, nitayafagia asubuhi.