Jina Lililokawia Kushuka

Jumamosi, tarehe 18 Januari 2014, siku ya kubariki mahindi mapya, wanakijiji wetu walishuhudia maana ya methali isemayo penye wengi pana Mungu.

Jua lilipokuwa likitua, Jaxuka aliingia katika nyumba ya sala, mkate wa mahindi mkononi na binti yake mgongoni. Mtoto huyo alikuwa amevuka mwaka mmoja, lakini hakuwa na jina, na miguu yake ilining'inia kama matambara yaliyoloa. Sisi Waguarani, wenyeji wa misitu ya Amerika Kusini, hatumchagulii mtoto jina. Nyanderu, Baba yetu wa mbinguni, hulishusha, naye Bibi Kerexu, kiongozi wetu wa sala, hulisikia wimbo unapoiva. Mtoto asiye na jina hajakubali bado kukaa duniani. Aweza kurudi alikotoka. Majina hushuka siku ya kubariki mahindi tu, na mavuno mengine yalikuwa mbali mno kwa mtoto dhaifu kama yule.

Jaxuka alijaliwa sauti tamu kama asali ya msituni. Alijiapiza kwamba sauti hiyo ndiyo ingelileta jina.

Wanaume walitikisa manyanga, gitaa na fidla zikaitikia. Wanawake wakajipanga mstari mmoja, kila mmoja akiutwanga mwanzi wake ardhini. Jaxuka akapaza sauti, akawaacha wenzake nyuma kama mshale uliofyatuka.

"Wifi, unafukuzwa na nyuki?" Yva, dada wa mumewe, alimnong'oneza. "Tungoje na sisi!"

"Mwenye sauti ya chura abaki mtoni," Jaxuka akamjibu.

Bibi Kerexu alipuliza moshi wa kiko juu ya utosi wa mtoto, akatega sikio, kisha akatikisa kichwa.

"Bibi, umesikia nini?" Jaxuka akauliza.

"Nimekusikia wewe, mjukuu wangu. Wewe tu. Jina litapita wapi, nawe umejaa mlangoni?"

Jaxuka akamgeukia Yva. "Wifi, nimekosa. Nisaidie, mwanangu asiondoke."

"Chura amekusamehe," Yva akasema, akamsogelea hata mabega yakagusana. "Haya, twanga nami."

Jaxuka akashusha sauti yake mpaka isitambulike. Mianzi yote ikatua kwa pamoja, ardhi ikanguruma. Watoto waliokaa chini wakabandika nyayo ardhini, maana humo katika nyumba ya sala ndimo wafundishwamo, kwanza kwa nyayo, kisha kwa masikio. Hakuna aliyejua tena sauti ipi ni ya nani. Ilikuwa kana kwamba nchi yenyewe inaimba.

Ndipo Jaxuka alipohisi kitu kiunoni. Vile visigino legevu vilikuwa vikimgonga, polepole, sawasawa na mianzi.

Bibi Kerexu akainua uso uliolowa machozi. "Ara Poty," akatamka. "Ua la siku. Amekubali kukaa."

Ewe msomaji, usikae na kisa hiki peke yako. Msimulie mwenzako, naye amsimulie mwingine, kwani hakika penye wengi pana Mungu.