Kigurudumu cha Bi Nyangeta

Kwenye mwalo wa tajiri Masatu, ufukoni wavuvi wanakotua, sheria ilikuwa moja: samaki ni wa mwenye chambo, aliyemvuta hupewa kichwa. Chambo chote kilikuwa cha Masatu, na nyumbani kwa Bi Nyangeta mnofu ulikuwa hadithi.

Siku Masatu alipoleta fimbo mpya za kuvulia, wavuvi waligombea zenye vigurudumu vikubwa vya kukunjia mshipi. Nyangeta alichagua yenye kigurudumu kidogo kuliko vyote, chepesi kama yai la kanga.

"Hicho hakivuti sangara," Masatu alimcheka.

"Samaki wadogo kama furu wananitosha, tajiri. Mikono imechoka."

"Basi chambo changu usikiguse."

"Sikigusi. Nina minyoo ya mgombani kwangu."

Hadi adhuhuri sangara walikuwa wamekisusa chambo cha Masatu, kilicholala tangu jana. Ndoo ya Nyangeta ilijaa furu wazima wanaorukaruka.

"Hebu nipe mmoja," Masatu aliamuru.

"Chukua, tajiri."

Masatu akamtia furu kwenye ndoana, akavuta mpaka jasho likamchuruzika, akatoa sangara mkubwa kama mlango. Wavuvi wote wakasogea. Nyangeta akachomoa kisu, akakata kichwa, akakipangusa mchanga kwa khanga yake, akamkabidhi Masatu kwa mikono miwili.

"Asante kwa kunivutia, tajiri."