Mnyororo wa Fundi Ntandu

"Mkono ukiachia, karatasi ishike." Mmemsikia muuza mafuta akimwambia mwenzake, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haya, kuuliza si ujinga. Methali hii ilianza hivi, nami naijua kwa sababu nilikuwa karani wa mahakama, na karatasi yenyewe niliiandika mimi. Msicheke, mwandiko wangu ulikuwa mzuri wakati huo.

Palikuwa na fundi wa mashine za kukamulia alizeti, jina lake Ntandu. Akishatengeneza mashine, aliifunga mnyororo kwenye nguzo ya karakana mpaka alipwe. Watu walimwita bahili, lakini sheria ilikuwa upande wake: fundi ana haki ya kushikilia alichokitengeneza hadi apate ujira wake. Tatizo ni kwamba haki hiyo inakaa mkononi. Zamani aliwahi kumwachia mteja mashine kwa maneno matamu tu. Mteja akaiuza, akahama mji. Fundi alipomfuata mnunuzi, hakimu alimwambia, "Ulipoiachia kwa hiari yako, haki ya kuishika uliiachia nayo. Limebaki deni, nalo kamdai huyo aliyehama." Ndipo aliponunua mnyororo.

Msimu mmoja akaja Bi. Tatu Njiku, mjane mwenye watoto wanne, parafujo kubwa inayosaga mbegu ndani ya mashine yake imekatika. Fundi aliuza ng'ombe wake wawili akanunua parafujo mpya. Mashine ikapona, lakini mwenye mashine hakuwa na hela.

"Fundi, nina magunia arobaini uani na mvua zinakuja," alisema Bi. Tatu. "Nikikamua nitakulipa. Nisipokamua, nikulipe na nini?"

"Na mimi nikiachia nitakula nini, dada yangu? Ng'ombe wangu wamo ndani ya mashine hiyo."

Wakaja mahakamani wamenuniana. Nakiri swali lao lilininyima raha. Fundi akishika, halipwi. Akiachia, hana haki. Nikamuuliza hakimu, "Ni lazima kushika kuwe kwa mkono?"

Hakimu akavua miwani. "Shamba nani hulishika mkononi? Mbona huwekwa rehani?"

Basi nikaandika. Mashine ni ya Bi. Tatu, ikae kwake ifanye kazi, lakini imebeba dhamana ya deni la Fundi Ntandu. Asipolipwa mwisho wa msimu, mahakama itaiuza na yeye atalipwa kwanza, hata ikiwa imeshafika kwa mtu mwingine. Nikaingiza hayo kwenye daftari, ili kila anayetaka kununua aje asome. Fundi alifungua mnyororo shingo upande, maskini. Nilimwonea huruma.

Wiki moja baadaye Bi. Tatu alilazwa hospitali. Shemeji yake akaona mwanya, akaiuza mashine kwa mfanyabiashara wa mji wa jirani. Fundi alipopata habari, alifunga safari na karatasi yake mfukoni.

"Mzee, mashine nimenunua kwa pesa taslimu," alisema mfanyabiashara. "Iko kwangu. Mkono wako uko wapi hapa?"

"Mkono uliachia," Fundi alijibu, akaikunjua. "Karatasi imeshika."

Yule bwana aliisoma mara mbili, kisha akaja mwenyewe kwangu kutazama daftari. Alipoona amenunua mashine na deni lake, alimfuata shemeji wa Bi. Tatu kwa ukali. "Nirudishie pesa zangu! Uliniuzia mzigo wa watu." Siku ya pili mashine ikarudi uani kwa mjane.

Bi. Tatu alipotoka hospitali aliikuta, na alizeti haijanyeshewa. Aliposimuliwa yote, alimgeukia Fundi. "Kumbe karatasi yako ilikuwa inanilinda na mimi?"

"Wala sikujua," alisema Fundi. "Nilidhani inalinda ng'ombe wangu tu."

Bi. Tatu alikamua magunia yote, akalipa deni lote kabla ya mvua ya kwanza, nami nikalifuta kwenye daftari kwa wino mwekundu. Mnyororo mnauliza? Fundi alinunua ng'ombe wawili wengine, akawafungia huo. Karakana yake haikuuhitaji tena, maana Fundi alimleta kwangu kila mteja asiye na hela huku akimwambia: mkono ukiachia, karatasi ishike.