Kituo Kinachofuata ni Kwa Nani

Sogeeni. Nina hadithi isiyo na jibu, kwa hiyo hata mwenye haraka aketi. Hakuna atakayeimaliza kabla ya mwenzake.

Katika jiji moja kubwa palikuwa na watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Sikudhani alikuwa mfagizi. Kipaji chake kilikuwa kumtoa mtu hofu. Aliweza kumshika mkono bibi kizee aliyeganda kwa woga, akamwuliza habari za wajukuu, na kabla bibi hajamaliza kujibu ameshavuka barabara.

Ngwali alichora mabango ya vinyozi na mabucha. Kipaji chake kilikuwa picha inayosema: mtu asiyejua hata herufi moja aliusoma ukuta wa Ngwali bila msaada.

Havijawa alikuwa msusi. Mkono wake ulikuwa mwepesi, mdomo mwepesi zaidi, na popote alipoweka kigoda chake watu walikusanyika kama sisimizi walionusa sukari.

Sasa, jiji hilo lilichimba reli chini ya ardhi. Kituo cha nne kilizinduliwa kwa utepe, hotuba sita, na jina: Kituo Jumuishi cha Usafiri wa Kimkakati Namba Nne. Hakuna aliyelitamka mara mbili. Watu wa jiji hilo huita kituo Kwa Fulani, kwa heshima ya mtu aliyepafanya pawe mahali: Kwa Mama Dobi, Kwa Fundi Saa. Utepe haumo katika desturi hiyo.

Watu hawakushuka. Chini ya ardhi, walisema, huenda maiti na fuko, na wote wawili hawakati tiketi. Kampuni ya reli ikatoa tangazo: siku tisini zikipita na ukumbi ukiwa bado mtupu, geti litafungwa na treni itapita bila kusimama.

Tangazo hilo lilimuuma Bi Mwasiti kuliko mtu yeyote. Binti yake, Shani, alikuwa na miaka kumi na saba na figo zilizochoka. Mara tatu kwa wiki ilibidi asafishwe damu kwa mashine, katika hospitali ya upande wa pili wa jiji. Kwa barabara, foleni ilikula saa tatu. Mara mbili walifika mashine ameshapewa mwingine, na mara ya pili Shani alirudi uso umevimba, akalala siku mbili haongei. Daktari alisema hataki kuona mara ya tatu. Kwa treni zilikuwa dakika kumi na moja. Bi Mwasiti aliiandikia kampuni barua. Akajibiwa kwamba maoni yake yamepokelewa.

Aliyeanza ni Sikudhani, aliyeajiriwa kufagia kituoni hapo. Sakafu ya juu iling'aa mno, watu wakivua viatu kana kwamba wanaingia sebuleni kwa mtu, kisha wakisimama pekupeku mbele ya ngazi za umeme kama walio mdomoni mwa kisima. Pembeni palibandikwa maelekezo kumi na manne. La kwanza lilisema: mtumiaji azingatie mwelekeo wa mwendo. Sikudhani akaegemeza ufagio ukutani.

"Vaa viatu, mama. Ngazi usiitazame, ukiitazama nayo itakutazama. Nitazame mimi. Wajukuu hawajambo?"

Wakashuka. Bi Mwasiti na Shani walikuwa miongoni mwa wa kwanza. Katika wiki tatu Sikudhani alikuwa ameshusha nusu ya mtaa, na amepokea barua ya onyo: mfagizi si mkufunzi, na onyo la pili halitakuwepo, atafukuzwa. Nyumbani alikuwa na watoto watatu na hakuna mwingine wa kuwalisha. Akaikunja barua, akaendelea.

Lakini kushuka si kufika. Chini kulikuwa na mishale miwili tu, mmoja ukisema Mhimili wa Kaskazini Mashariki, mwingine Mhimili wa Kusini Magharibi. Mzee mmoja aliyekuwa akipeleka majogoo wawili sokoni aliibukia uwanja wa ndege. Bi Mwasiti naye alipanda treni ya kinyume, na siku hiyo Shani aliiwahi mashine kwa dakika nne. Ngwali alishuka kumsindikiza shangazi yake, akayaona maandishi yale, akachukizwa. Hakuombwa wala hakulipwa. Kesho yake alirudi na makopo ya rangi. Upande mmoja akachora kitanda na bomba la sindano, na nyuma yake ndege. Upande wa pili akachora nyanya na samaki. Meneja wa kampuni mwenyewe alishuka kuamuru zifutwe. Alifoka vizuri sana, kwa Kiswahili cha ripoti, kisha akageuka arudi ofisini kwake karibu na soko. Akasimama. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akapanda upande wa nyanya. Picha zikabaki.

Lakini kufika si kurudi. Watu walikuja mara moja kushangaa, wakaenda nyumbani kusimulia. Ukumbi mtupu una mwangwi, na wanawake hawakupenda kuusikia mwangwi huo wakiwa peke yao. Siku sabini zilikuwa zimekwisha. Ndipo Havijawa, ambaye kibanda chake kilivunjwa kupisha barabara, aliposhuka na kigoda na furushi la rasta. Hakuwa na nia ya kumwokoa mtu. Alitafuta ubaridi, na taa zisizokatika. Sasa, kichwa kimoja cha rasta ni saa nne. Anayesukwa huja na dada yake, dada huja na shoga yake, shoga huja na habari. Walinzi walimfukuza mara mbili, akarudi mara mbili. Mara ya tatu mlinzi alikuta kichwa kilichosukwa nusu ni cha mke wake.

"Mtoe tu," mke akamwambia. "Nitarudi nyumbani hivi hivi, na majirani wakiuliza nitawaambia nani kazuia upande wa pili usisukwe."

Mlinzi akarudi getini.

Siku ya tisini meneja alikuja kuuhesabu ukumbi, akakosa pa kusimama. Geti halikufungwa. Shani hajaikosa mashine tangu hapo. Uvimbe umeshuka, na sasa ana nguvu za kubishana na mama yake kutwa nzima.

Kampuni, ili ionekane ilikuwa na nia hiyo tangu mwanzo, ikaamua kituo kiitwe kwa desturi ya jiji. Kwa Fulani. Sauti ya ndani ya treni ingerekodiwa mara moja, kwa jina moja. Na kwa kuwa barua ya Bi Mwasiti ndiyo pekee iliyokuwamo jaladani, achague yeye.

Wale watatu walisema hawajali mambo ya majina. Walisema hivyo wakiwa wamevaa nguo za sikukuu, kwenye benchi la jukwaani, asubuhi Bi Mwasiti alipoletewa fomu.

"Mie sisemi kitu," akasema Sikudhani. "Ila asingeshuka mtu, Ngwali angewachorea fuko, na Havijawa angewasuka. Na nani hapa aliyekuwa na kazi ya kupoteza?"

"Ungewashusha wote, dada, wakaishia uwanja wa ndege na majogoo wao," akasema Ngwali. "Mimi sikuwa na mshahara hapa, wala mteja. Nilitoa bure."

"Ulitoa kwa hasira ya mwandiko mbaya, si kwa huruma," Havijawa akamkata. "Haya, mimi nilijitafutia riziki, nakiri. Lakini mpaka siku ya sabini ninyi wawili mlikuwa mmeshamaliza, na geti bado lilikuwa linakwenda kufungwa."

Bi Mwasiti aliwatazama. Kila alipomwondoa mmoja kichwani mwake, Shani hakufika hospitali. Akafikiria kuandika majina yote matatu, lakini aliijua midomo ya jiji lake: wangeyafupisha, wakabaki na la kwanza. Akamgeukia binti yake. Meneja alikuwa amedokeza kwamba Kwa Shani lingependeza.

"Mama, hapana," akasema Shani. "Mimi nataka kupita hapa niwahi. Sitaki kuwa kituo. Na usiniandike kabla sijafanya kitu."

Treni yao ikaingia, upande wa kitanda na sindano. Milango ikafunguka, na sauti ya mwanamke aliyekwisha kurekodi nusu ya maneno ikasema kwa upole, "Hapa ni Kwa…" Kisha kimya. Abiria wakashuka katika kimya hicho, wakipishana, kila mmoja akijua alipo.

Shani akaingia akakaa dirishani. Bi Mwasiti akamfuata, fomu mapajani, kalamu imefunguliwa, dakika kumi na moja mbele yake.

Mfagizi aliyehatarisha mkate wa wanawe, mchoraji aliyetoa bila kuombwa, na msusi aliyejitafutia lake akalileta la wote. Ninyi mlionisikiliza, kalamu hiyo ni yenu sasa: mnaandika Kwa nani?