Dawa Iliyofungwa Kwenye Khanga

Wapendwa, alikuwako mama mmoja ambaye mwanawe wa pekee alikwenda machimboni kutafuta maisha, na miaka ikakatika. Mama alimkumbuka hadi akawa anajisahau, anasonga ugali wa watu wawili. Kijana akipiga simu, mama hakusikiliza maneno sana. Alisikiliza kikohozi chake.

Siku moja mama mwenyewe akabanwa na kifua. Zahanati wakampima, wakasema ni nimonia, wakamwandikia dawa. Kwenye duka la dawa, binti aliyemhudumia akamkabidhi antibayotiki na kumsihi, "Mama, hata ukijisikia umepona, usiache. Malizia dozi yote. Na usimgawie mtu."

"Nimekusikia, mwanangu."

Alisikia kweli? Homa iliposhuka tu, alivitazama vidonge vilivyobaki, moyo ukamwenda machimboni. Akavifunga kwenye pindo la khanga. "Hivi ni vya mwanangu. Akija na kile kifua chake, asikose dawa." Mnamlaumu? Mimi nashindwa. Mzazi anayemtamani mwanawe atamwekea hata pumzi yake.

Ugonjwa ukarudi, safari hii umekuja na nguvu zake zote. Akalazwa, na dawa ile ya mwanzo haikufua dafu. Kijana akaitwa, akaja mbio. Miaka yote alikuwa na hamu ya kula mkononi mwa mama yake. Sasa yeye ndiye aliyekoroga uji na kumlisha kwa kijiko. Mama akafungua pindo la khanga.

"Nimekuwekea, baba. Dawa ya kifua."

Kijana akalia. "Mama, mimi siumwi. Kile kikohozi kilikuwa cha vumbi la mgodini. Nilikuwa nakutaka wewe."

Mama yule hakurudi nyumbani.

Sasa ndugu zangu, tangu nianze kusema, wangapi humu ndani mmeshamfikiria mtu? "Laiti mume wangu angekuwepo asikie." "Haya yanamfaa kabisa yule jirani." Ndivyo tulivyo sisi. Kila Jumapili tunapewa neno la kutuponya, tunalionja kidogo, tukipata nafuu tunalifunga tumpelekee mwingine. Dawa za dukani malizeni, msimwekee mtu. Na neno hili la leo usitoke nalo hapa kwa ajili ya jirani. Mungu alipoliandika alikuwa anakutaka wewe. Mgonjwa ni wewe.